Kopo la Rangi Mbili

Alhamisi, 6 Mei 1965

Nimedhulumiwa. Tena hadharani, tena barazani, tena baada ya kahawa niliyoileta mimi.

Habari yenyewe ni hii. Serikali inaleta sindano za watoto Jumamosi ya wiki ijayo, kiwanja cha Tononoka. Sindano moja inakinga dondakoo, kifaduro na pepopunda kwa pamoja. Kifaduro kimekwisha kuingia mjini, upande wa Makupa watoto wanaugua. Ikatakiwa kamati ya kuhimiza watu wa Kibokoni, na kamati haiwi bila mwenyekiti. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikakaa mahali pa kuonekana. Nikasafisha koo mara kwa mara, kwa adabu, nisisahauliwe.

Wakamchagua Aidarus.

Aidarus fundi saa! Duka lake linatazamana na langu, kati yetu ni ujia tu. Saa zake ukutani kila moja inasema lake. Mtu asiyeweza kupatanisha saa zake mwenyewe atawapatanisha vipi wazazi na serikali? Mimi nauza udi, ubani na marashi. Mimi nanukia. Wazee wakasema Aidarus ana sauti. Kweli anayo. Punda pia anayo.

Nimerudi nyumbani, sikula. Swabaha, mke wangu, kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia naumwa na watu.

Jumamosi, 8 Mei

Njia imepatikana!

Joab, mpishi wa meli, mteja wangu wa marashi, kaja dukani na kopo la biskuti. Ndani hamna biskuti. Mna vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu manjano, vimejaa pomoni. Kasema ni dawa ya mabaharia waliokuwa na homa ya kifua. Daktari wa meli kaondoka, kopo likabaki jikoni kwake. Nikamwuliza vinatibu nini kingine. Kasema yeye vilimponya jambo fulani alilolipata kwenye bandari fulani, na kwamba duka lenye ubani si mahali pa kulitaja.

Dawa yenye nguvu kiasi hicho! Tumebadilishana. Yeye marashi, mimi kopo.

Nimekaa nikafikiri. Kama kidonge kinaua ugonjwa uliokwisha kuingia, basi ukikimeza mapema ugonjwa utakikuta mlangoni. Mantiki safi kabisa. Sindano inauma, inaleta homa, mtoto analia mtaa mzima usikie. Kidonge hakina makelele. Aidarus ataisimamia safu yake pale Tononoka peke yake, na kipaza sauti chake, akiwahimiza kunguru.

Nilikuwa na mafua. Nimemeza kimoja kwa majaribio.

Jumatatu, 10 Mei

Mafua yamekwisha! Swabaha kasema mafua huisha yenyewe. Hana habari na sayansi.

Biashara imefunguka. Akina mama wanakuja kununua ubani, nami nawauliza kwa upole kama wamesikia habari za sindano, na kama wana moyo wa kumwona mtoto akichomwa. Kisha natoa kopo. Wengine wanacheka wanakwenda zao. Wengine wananunua kimoja kwa kila mtoto. Mmoja kanunua nusu. Nimekifungua kile kidonge, nikamgawia unga wake kwenye karatasi. Uko chungu, asema. Nimemwambia uchungu ndio dawa yenyewe.

Mejumaa, dada yangu, anayekaa ghorofani kwetu, kateremka na Ghafuri. Jina lake kamili Abdulghafur, lakini mtoto wa miezi mitano halibebi jina lote hilo. Mumewe, Sheikhan, yuko Lamu kikazi, kwa hiyo mlinzi wa nyumba yote ni mimi. Nilipaka marashi kidogo kidoleni nikamsogezea Ghafuri puani. Kacheka mwili mzima, mpaka miguu. Anajua kitu kizuri, huyu. Kanirithi mimi.

Jumatano, 12 Mei

Aidarus kapita ujiani na kipaza sauti. Kataja kila mtaa, kila rika, kila ugonjwa. Alipofika mbele ya duka langu kasimama, kasalimia kwa heshima zote, kaniuliza hali ya watoto wa nyumbani, akasema anatumai mwanangu Nabiha na mtoto wa Mejumaa watakuja mapema kabla ya jua. Unafiki mtupu. Anataka aniandike miongoni mwa watu wake.

Swabaha kasema atampeleka Nabiha. Nimesema hapana. Kaniuliza sababu. Nimesema mimi ndiye baba wa mtoto. Kasema hiyo si sababu, hiyo ni habari tu. Kisha kaingia jikoni, na chakula kimekuja hakina chumvi.

Jumamosi, 15 Mei

Siku ya sindano. Siku mbaya.

Asubuhi nimemwona Mejumaa anateremka ngazi na buibui lake, Ghafuri kifuani, kofia ya uzi kichwani. Nikamwuliza safari ya wapi. Kasema Tononoka. Dada yangu, tumbo moja, kwenye safu ya Aidarus! Watu wangesemaje?

Kasema, "Kaka, Mama Nabiha kaniambia ni nzuri. Naye Sista Mutanu wa kliniki kasema hata wadogo kama Ghafuri ndio hasa wanaotakiwa."

Nikamwuliza alipokufa baba alilelewa na nani, Mutanu au mimi. Kasema mimi. Nikamwuliza kama nimewahi kumtakia baya. Kasema hata siku moja. Basi, nikasema, rudi juu, nitakupa dawa yake mwenyewe.

Karudi. Mejumaa hajapata kunibishia tangu utotoni. Ndiyo sifa yake kubwa.

Kisha nikachukua meza, mwavuli na kopo, nikajiweka pembeni mwa njia ya Tononoka, mahali akina mama wasipoweza kunikwepa. Mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Mvua ikanyesha. Si mvua ya kupita, mvua ya Mei, inayokuja na virago vyake. Maji yakaingia koponi. Nilipofunua, vidonge vilikuwa vimeshikana, vimekuwa donge moja kubwa, jekundu na manjano, kama halua iliyoharibika. Nikajaribu kuvibandua kwa kisu. Vingine vikapasuka.

Hapo akaja mwanamke mwenye sare nyeupe kujikinga mvua chini ya mwavuli wangu. Sista Mutanu mwenyewe! Mkamba, mrefu, macho yake hayana haraka. Katazama kopo. Kaniuliza nauza nini. Nikasema peremende. Kaniomba moja. Nikasema zimelowa, nisingependa kumpa mgeni kitu kilicholowa. Kasema peremende za rangi hizo anazo kabatini mwake, anampa mgonjwa kwa kipimo, na mgonjwa huzimaliza zote hata akijisikia nafuu. Kisha kasema hazimkingi mtoto asiyeumwa. Kasema hivyo bila kupandisha sauti, mvua ikimwagika, akaenda zake bila mwavuli.

Safu ilikuwa ndefu. Hata mvua haikuivunja. Aidarus alikuwa akiwafunika watoto kwa koti lake. Kujionyesha tu.

Jioni nimempa Mejumaa unga wa kidonge kimoja kwenye kijiko cha asali, wa Ghafuri. Kautema karibu wote. Nimesema kilichobaki kinatosha.

Alhamisi, 27 Mei

Nabiha anakohoa kidogo. Vumbi.

Jumamosi, 29 Mei

Si vumbi. Lakini si hicho wanachosema.

Mwanangu ana miaka sita na ana kifua chepesi, basi. Anakohoa mfululizo mpaka uso unamwiva, hapati nafasi ya kuvuta pumzi, kisha mwisho anaivuta kwa mlio mrefu, kama jogoo anayejifunza kuwika. Baadaye hutapika. Akishatapika hucheza, kama hakuna kilichotokea. Mgonjwa gani huyo anayecheza?

Nimempa rangi mbili, asubuhi na jioni. Leo kakohoa kidogo zaidi ya nusu ya jana, kwa hiyo nimeacha, maana koponi vilivyo vizima vimebaki vichache na wateja wapo. Swabaha kaniangalia. Naogopa zaidi siku anazonyamaza.

Tatizo ni mlio. Unasikika dukani. Mteja kaniuliza nani anakohoa, nami nikiwa na kidonge cha kukinga kikohozi mkononi. Hali ya aibu.

Jumanne, 1 Juni

Nimenunua jogoo.

Watu wakisikia mlio, waseme jogoo. Rahisi, safi, haina madhara kwa mtu. Nimemfunga kwenye ngazi. Jogoo mkubwa, kilemba chekundu, anatembea kama kadhi.

Hawiki! Tangu ameingia nyumbani hajatoa hata sauti. Anakula mtama wangu na kunitazama. Nimemwonyesha taa, nimemfunika nikamfunua, nimewika mimi mwenyewe ili akumbuke. Nikiwa katika kuwika Aidarus kachungulia kutoka dukani kwake. Kaniuliza kama nahitaji kitu. Nimesema namfundisha jogoo. Katikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za msiba.

Adhuhuri Nabiha kakohoa. Aidarus kaja mpaka mlangoni. Kasema, "Jamaldin ndugu yangu, jogoo wako anaumwa kifaduro. Mpeleke kwa Sista Mutanu. Na mtoto mchanga wa ghorofani msimweke karibu naye."

Nikamwambia ashughulike na saa zake. Kaondoka. Jogoo akawika.

Jumapili, 6 Juni

Mejumaa kaniita juu. Alikuwa amekaa sakafuni, Ghafuri magotini.

Kasema mtoto hanyonyi vizuri. Tena kuna jambo hulifanya. Anatulia ghafla, anakodoa macho, midomo inageuka rangi, kisha anarudi. Nikamwuliza kama anakohoa. Kasema kidogo sana, si kama Nabiha. Hatoi mlio wowote. Nikafurahi. Nikamwambia basi si kifaduro, kifaduro kina mlio, kila mtu anaujua. Huyu ni gesi.

Kasema, "Kaka, una hakika?"

Nikasema nina hakika. Nilikuwa nayo. Niliposhuka ngazi niliisikia ikipungua, lakini nilipokuwa pale juu nilikuwa nayo yote.

Nimepeleka rangi mbili, kimoja, kizima, nimemwambia akigawe. Ghafuri nilimsogezea kidole chenye marashi kama kawaida. Hakugeuza uso. Nadhani ni marashi yenyewe, chupa ile ni ya zamani.

Jumatano, 9 Juni

Nimeamka wanawake hawapo. Swabaha hayupo, Mejumaa hayupo, watoto hawapo. Jogoo tu. Hata chai hamna.

Nikajua walikokwenda. Nimekwenda mbio mpaka kliniki, viatu mkononi, kwa ajili ya matope. Nimekuta akina mama wengi barazani na watoto wao, na kila mtoto mwenye kile kikohozi alipoanza, wengine walimfuatia, baraza zima likawa linawika. Sijapata kusikia kitu kama kile. Nikatamani kuondoka.

Sista Mutanu alikuwa amemshika Ghafuri. Alikuwa amemwelekeza kichwa chini kidogo, anamsafisha mdomo kwa kitambaa, anampigapiga mgongoni kwa vidole viwili. Ghafuri alikuwa na rangi isiyokuwa yake. Kisha akavuta pumzi, na Mejumaa naye akavuta.

Sista kamwuliza dada yangu kama mtoto alipata sindano. Kasema hapana. Kamwuliza sababu, kwani umri ulikuwa umefika, na kiwanja si mbali. Kamwuliza amepewa dawa gani nyumbani. Mejumaa akaangalia chini. Swabaha ndiye aliyegeuka akanitazama, nikiwa pale mlangoni na viatu mkononi, na Sista Mutanu akayafuata macho ya Swabaha.

Kaniambia, "Wewe ni bwana wa peremende."

Nikaanza kumweleza, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba mtoto hana mlio. Kasema wadogo kama huyu hawana nguvu ya kutoa mlio. Wao husahau kuvuta pumzi, basi. Kasema dawa ya kuua vijidudu hutolewa mapema na kwa kipimo, nayo huwakinga zaidi wengine wasiambukizwe. Kikohozi kikishakaa, mtu huuguza tu na kuomba. Kisha kanipa kisogo. Ghafuri kapelekwa hospitali, Mejumaa naye. Nabiha kapewa dawa ya chupa na kurudishwa nyumbani. Ni mkubwa, atapona, lakini atakohoa miezi.

Nimerudi peke yangu. Swabaha kapitia njia nyingine.

Ijumaa, 11 Juni

Ghafuri amefariki alfajiri.

Innaa lillahi.

Jumamosi, 12 Juni

Tumezika jana baada ya swala ya Ijumaa. Watu wengi. Sheikhan hakuwahi, simu ya kwenda Lamu ilichelewa.

Niandike ilivyokuwa. Mtoto mchanga hana haja ya jeneza. Hubebwa mikononi, mtu kwa mtu, mpaka mavani. Nilijua nitaanza mimi, mjomba wake, na baba yake hayupo. Lakini nilipotoka msikitini viatu vyangu vilikuwa vimechanganyika na vya watu, na nilipovipata Aidarus alikuwa amekwisha kupewa mtoto. Kambeba mpaka kona ya kwanza. Mpaka ya pili. Nikamwambia mtu aliye karibu nami kwamba utaratibu haukufuatwa. Kanitazama akasema, "Jamaldin, si leo."

Kisha Aidarus akasimama. Akanisubiri. Akanipa mwenyewe, akanishikisha vizuri, mkono huu hapa, huu hapa.

Nilijiweka tayari kwa uzito. Haukuwepo. Nilitembea nikiogopa kwamba sanda ni tupu, nikaikaza mikono, nikahisi kichwa chake, kidogo, kama ngumi yangu. Njia ilikuwa ya matope. Watu walikuwa wakinipokonya zamu kwa upole, maana kila mtu anataka thawabu, na mimi nikawa siwaachii. Sijui kwa nini. Nadhani mtu mmoja alinifungua vidole.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Utaratibu haukufuatwa.

Alhamisi, 17 Juni

Mejumaa amerudi ghorofani na hasemi nami. Hanuni, hafanyi uso. Akinikuta kwenye ngazi hujibana ukutani nipite, kama ninavyopitishwa na watu nisiowajua. Nimempelekea halua kwa mkono wa Swabaha. Imerudi haijafunguliwa. Nimepeleka ubani, mzuri, wa Shihiri. Umerudi. Nimekwenda mwenyewe, nikasimama nje ya mlango, nikasema, Mejumaa, ni mimi. Ndani kukatulia kabisa. Nikasema tena. Mlango haukufungwa na komeo, ulikuwa umeegeshwa tu. Sikuweza kuusukuma.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mchana kaja Bwana Mung'aro wa idara ya afya, na kofia yake na baiskeli yake. Kasikia kuna mtu Kibokoni anauza dawa za hospitali kwenye kopo la biskuti. Nilimwona tokea mbali. Nimetumbukiza kopo ndani ya debe la ubani na kukaa juu yake.

Kaniuliza jina. Kaniuliza nauza nini. Kisha akasema ninyanyuke. Nikasema mgongo unaniuma. Kasema atasubiri.

Hapo Aidarus katoka dukani kwake. Kamshika Bwana Mung'aro mkono, kamsogeza pembeni, lakini kwa sauti yake ile hakuna pembeni. Nimesikia yote. Kasema huyu bwana kazika mtoto wa dadake wiki iliyopita, nyumba ina msiba, mama wa mtoto yuko juu hapo anasikia kila neno. Kama ni lazima, basi siku nyingine. Na yeye, mwenyekiti wa kamati, atahakikisha mwenyewe kwamba hakiuzwi kitu tena. Kaapa mbele ya watu.

Mung'aro kavua kofia, kaangalia juu, kapanda baiskeli.

Aidarus kabaki ujiani. Alikuwa anangoja niseme kitu. Kasema polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Vitupe, ndugu yangu. Leo." Kisha karudi kwenye saa zake.

Nimelitafakari jambo hili alasiri nzima na sasa nimeligundua. Anataka nimshukuru! Anataka barazani waseme Aidarus kamwokoa Jamaldin. Mwenyekiti, mwenyekiti, hata kwenye debe la ubani ni mwenyekiti. Sitampa nafasi hiyo.

Nimempeleka jogoo sokoni. Hakuna aliyemtaka, amekwisha kujulikana.

Ijumaa, 25 Juni

Sheikhan amefika kutoka Lamu. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno tayari. Hakugombana. Kanipa mkono, mkono baridi, kakaa kwenye kiti cha dukani kwangu, kaniuliza jambo moja tu. Kama mtoto alikuwa akicheka. Maana alimwacha mdogo sana, hajaanza kucheka.

Nikamwambia alikuwa akicheka. Nikamwambia, mwili mzima, mpaka miguu.

Kalia. Mimi nimetoka nje nikajifanya napanga madebe. Aidarus alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo, nikamgeuzia mgongo ili asinione uso.

Nimekwenda Kibarani na kopo. Pale jalalani, ng'ombe na watu na moshi. Nimelifungua. Vidonge vilivyobaki vizima ni kiganja kimoja tu. Nimevitupa. Kopo lenyewe nimerudi nalo, ni zuri.

Alhamisi, 1 Julai

Sheikhan na Mejumaa wamehama. Wamepata chumba Tononoka, nyuma ya shule, hatua chache na kliniki. Mejumaa kateremka na mzigo wa mwisho. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, nimevaa kanzu. Kapita. Kafika mlangoni, kasimama, hakugeuka.

Kasema, "Kaka, ungeniambia tu kwamba hujui."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu hospitali. Nimeyarudiarudia siku nzima. Sikuyaelewa. Kama nisingekuwa najua, ningejuaje kwamba sijui?

Nyumba imekuwa kubwa. Nabiha bado anakohoa, ila sasa analala.

Jumatatu, 5 Julai

Watu wasidhani kwamba sikufikiri. Nimefikiri sana, mchana na asubuhi, nimekonda. Na kosa limeonekana.

Kosa ni vidonge.

Kidonge hakina heshima. Ukimpa mtu anakitia mdomoni, anakwenda zake, hajui kama ametibiwa. Sista Mutanu anaaminiwa na mji mzima, kwa nini? Si kwa maneno, maneno yake machache. Ni sindano! Nilimwangalia vizuri siku ile pale kliniki. Maji, sufuria, moto, sindano inachemka, unaikamata kwa koleo, basi. Kazi ya jikoni. Na dawa ya kutia ndani ni ileile ya unga, unaikoroga na maji. Kama Ghafuri angepata sindano angekuwa hai leo, hilo kasema mwenyewe Mutanu, msibani, mbele ya watu. Basi sindano itapatikana hapahapa Kibokoni, kwa mtu wa hapahapa, na hakuna mama atakayehitaji kwenda Tononoka kwenye mvua. Nafanya hivi kwa ajili yake, yule mdogo. Aidarus hataweza kulielewa hilo.

Joab kaja jana na bomba la sindano la kioo, zuri mno, na chupa ndogo zenye unga mweupe. Maandishi yamefutika lakini kasema ni madhubuti.

Leo nimefanya mazoezi kwenye papai. La kwanza limevuja lote sakafuni. La pili nimelichoma vizuri, limetulia, halikutikisika. Nimempa pole, kwa mazoea ya kazi.

Swabaha alikuwa amesimama mlangoni. Kaniuliza nitamchoma nani. Nimemwambia atakayekuja. Kamwangalia Nabiha, kaniangalia mimi, kaangalia papai. Kisha kaanza kukunja nguo. Kasema anakwenda kwa mama yake na mtoto, siku mbili tatu. Sikumzuia, mke naye hupenda kupumzika. Hamali kaja na mkokoteni. Wamechukua masanduku, vyombo, cherehani, na godoro pia.

Si neno. Palipokuwa na godoro patatosha meza, na pana mwanga mzuri.